Kipimaunene cha altrasaundi chenye skrini ya wimbi: usahihi unapatikana wapi, unapotea wapi

Vipimaunene vya mkononi viko vya namna mbili. Kuna vile vinavyoonyesha namba peke yake, ambavyo mara nyingi huja na probu ya kristali mbili ya MHz 5. Na kuna vile vinavyoonyesha namba pamoja na wimbi lenyewe, yaani miangwi inayorudi kutoka upande wa pili wa chuma ikichorwa kwenye skrini papo hapo. Tathmini hii ni ya kundi la pili, kifaa kikiwa kimefungwa probu ya kristali moja ya MHz 10, kipenyo mm 6, yenye kichelewesho mbele yake, yaani kipande cha plastiki ambacho sauti hupita kwanza kabla ya kuingia kwenye chuma. Kazi yenyewe ni ya aloi: kupima unene hadi sehemu ya mia ya milimita, na kupima kasi ya sauti ili kujua hali ya metali ndani.

Kwa kazi hiyo, skrini ya wimbi ni lazima. Bila kuliona wimbi huna njia ya kujua kama namba iliyotokea imetoka kwenye mwangwi unaoutaka au kwenye mwingine. Ila kifaa hicho hicho, kikitumiwa na mtu anayeamini kwamba kiwanda kimeshamaliza kila kitu, kitatoa makosa yenye tarakimu tatu baada ya nukta.

Kifaa kinapima muda tu

Unene haupimwi moja kwa moja. Kifaa kinapima muda wa sauti kwenda na kurudi, kinauzidisha kwa kasi uliyokiwekea, kisha kinagawa kwa mbili. Kwenye feleji ya kawaida yenye kasi ya mita 5,920 kwa sekunde, ukuta wa mm 10 huchukua maikrosekunde 3.38. Nanosekunde moja hapo ni sawa na mm 0.003, kwa hiyo anayetaka mm 0.01 anahitaji muda usiokosewa kwa zaidi ya nanosekunde tatu hivi.

Kifaa kinachochukua sampuli milioni 100 kwa sekunde kina pengo la nanosekunde 10 kati ya sampuli na sampuli, sawa na mm 0.03 za feleji. Tarakimu zinazoonekana chini ya hapo hupatikana kwa kukadiria umbo la wimbi kati ya sampuli na kwa kuchukua wastani wa mipigo mingi. Njia hiyo ni halali na inafanya kazi: wastani wa mipigo 64 hupunguza kelele ya nasibu mara nane. Tatizo ni kwamba wastani haugusi kosa la kudumu. Ukiwa umeweka kasi ya aloi nyingine, mipigo elfu moja itakupa jibu lile lile lenye kosa, tena likiwa limetulia kabisa kwenye skrini.

Na kosa la kasi ndilo kubwa kuliko yote. Aina nyingi za feleji isiyoshika kutu za kundi la 300 zina kasi kati ya 5,660 na 5,800. Mtu akiacha kifaa kwenye 5,920 ya feleji ya kawaida na kupima sahani ambayo kasi yake halisi ni 5,740, mm 10 zitasomeka 10.31. Alumini 6061 iko karibu na 6,320, titani karibu na 6,100, shaba nyekundu karibu na 4,660. Chuma cha kusubu ndicho kibaya zaidi kwa mtu mwenye jedwali tu mkononi: kasi yake inaweza kuwa popote kati ya 3,500 na 5,600 kutegemea umbo la grafiti iliyo ndani. Jedwali la kasi lililomo kwenye kifaa ni la kuanzia. Kasi ya kufanyia kazi hupatikana kwenye kipande cha aloi ile ile, iliyopitia matibabu yale yale ya joto, ambacho unene wake umepimwa kwa maikromita.

Hapa vifaa vingi vinastahili lawama. Kile kisahani cha chuma cha mm 4 au 5 kilichobandikwa kwenye mwili wa kifaa kinatosha kuonyesha kwamba probu iko hai, basi. Ni unene mmoja wa chuma kimoja. Usawazishaji wa kweli unataka bloku ya ngazi, yaani kipande chenye vidato vya unene unaojulikana, iliyotengenezwa kwa aloi yako, yenye angalau ngazi moja nyembamba kuliko kitu unachopima na moja nene kuliko hicho. Ngazi nene hutumika kurekebisha kasi, nyembamba hutumika kurekebisha sifuri, yaani muda wa ziada usio wa chuma unaotolewa kwenye kila usomaji. Kwa kuwa kila rekebisho linalisogeza lile jingine kidogo, zunguka kati ya ngazi hizo mbili mpaka zote zisome sawasawa bila kuguswa. Kisha pima ngazi ya katikati ambayo hukuitumia. Hiyo ndiyo inayokuambia kosa lako ni kiasi gani.

Wimbi linashikwa wapi

Hili ndilo jambo linalotofautisha kifaa kizuri na cha kawaida, na karatasi za mauzo hulitaja kwa nadra. Ili kupima muda, kifaa lazima kiamue mwangwi umefika lini. Njia rahisi ni kizingiti: saa inasimama pale wimbi linapopanda na kugusa mstari fulani. Ubaya wake ni kwamba mwangwi ukidhoofika, wimbi linachelewa kuugusa mstari huo ingawa sauti imefika kwa wakati ule ule.

Chukua probu ya MHz 5, ambayo mzunguko wake mmoja ni nanosekunde 200. Kizingiti kikiwa asilimia 30 ya kilele, wimbi hukigusa takriban nanosekunde 10 baada ya kuanza kupanda. Mwangwi ukipungua hadi nusu, kizingiti hicho hicho sasa ni asilimia 60 ya kilele kipya, na wimbi hukigusa baada ya nanosekunde 20 na ushei. Hapo umeongeza mm 0.03 kwenye feleji bila chuma kubadilika. Mwangwi ukishuka zaidi, kilele cha kwanza kikawa chini ya mstari, saa itasimama kwenye mzunguko unaofuata na usomaji utaruka kwa mm 0.59 kwa mkupuo. Ndiyo maana ukiona namba mbili zinabadilishana kwenye sehemu moja, na tofauti yake ni nusu ya urefu wa wimbi, usitafute kutu: kifaa kinarukia mzunguko usio wake.

Kifaa chenye chaguo la kushika pale wimbi linapokata mstari wa sifuri hakina udhaifu huo wa kwanza, kwa sababu sehemu ya kukata haitegemei urefu wa kilele. Kifaa kinacholinganisha umbo zima la mwangwi mmoja na la mwangwi unaofuata ni bora zaidi kwa kazi ya kasi, mradi miangwi yenyewe isiwe imekatwa kichwa. Mwangwi uliokatwa kichwa hutambulika kwa macho: kilele chake kimekuwa bapa kwenye ukingo wa skrini. Ukuzaji wa kujiendesha, yaani kifaa kuongeza chenyewe nguvu ya mwangwi, hufanya hivyo mara nyingi kwenye alumini na metali nyingine zisizofyonza sauti sana. Uzime, ushushe ukuzaji kwa mkono mpaka kilele kiwe karibu asilimia 80 ya skrini, kisha usiuguse tena kati ya bloku na kazi.

Kuna pia suala la mwelekeo, yaani kama wimbi linaanza kwa kupanda au kwa kushuka. Sauti ikitoka kwenye plastiki nyepesi na kugonga uso wa feleji, hurudi na mwelekeo ule ule. Ikitoka kwenye feleji na kugonga hewa upande wa pili, hurudi ikiwa imepinduka. Kwa hiyo mwangwi wa uso na mwangwi wa nyuma huwa na ishara kinyume, na kifaa lazima kiambiwe kushika kilele cha juu kwenye mmoja na cha chini kwenye mwingine. Ukikosea, kwa MHz 10 unapata kosa la nusu mzunguko: nanosekunde 50, karibu mm 0.15. Bloku ya ngazi yenye ngazi moja haitakuonyesha kosa hili, kwa sababu rekebisho la sifuri litalimeza. Litakuja kujitokeza siku utakapopima kitu kingine.

Namna tatu za kupima, na ipi itumike

Namna ya kwanza hupima kuanzia mpigo wa umeme hadi mwangwi wa kwanza wa nyuma. Ndani yake kuna muda wa kebo, wa uso wa probu na wa tabaka la jeli (inayopakwa kati ya probu na chuma ili sauti ipite), vyote vikitolewa kwa rekebisho moja la sifuri. Tabaka la gliserini lenye mm 0.02 tu, kwa kwenda na kurudi, ni nanosekunde 21. Kwenye skrini hiyo inakuwa mm 0.06 za feleji. Ukibonyeza kwa nguvu tofauti na ulivyobonyeza kwenye bloku, tofauti hiyo inaingia moja kwa moja kwenye jibu.

Namna ya pili huanzia kwenye mwangwi wa uso, pale kichelewesho kinapokutana na chuma, na kuishia kwenye mwangwi wa kwanza wa nyuma. Hapa kebo na plastiki vimeshatoka kwenye hesabu. Namna ya tatu hupima kati ya mwangwi wa nyuma na ule wa nyuma unaofuata. Hii ndiyo safi kuliko zote, kwani jeli na hata rangi iliyo juu ya chuma vinajifuta vyenyewe. Faida ya kufuta rangi si ndogo: rangi yenye mm 0.2 na kasi ya karibu 2,500 husomeka kama mm 0.47 za feleji kwa namna ya kwanza.

Namna ya tatu ina masharti yake. Inataka miangwi miwili safi, kwa hiyo ukuta ulioliwa na kutu kwa ndani au aloi yenye punje kubwa huiangusha. Pia kichelewesho kina mpaka: miangwi yote miwili lazima ifike kabla sauti haijazunguka mara ya pili ndani ya plastiki. Plastiki ya mm 10 yenye kasi ya 2,700 inakupa dirisha la maikrosekunde 7.4, ambalo linatosha mwangwi mmoja hadi feleji ya mm 21 hivi, lakini miangwi miwili hadi mm 10 tu. Wanunuzi wengi hugundua hili baada ya kulipa. Ukihitaji mm 20 kwa namna ya tatu, nunua kichelewesho kirefu au tumia probu ya kugusa moja kwa moja.

Probu ya kristali mbili bado ina nafasi yake kwenye kuta zilizoliwa, kwa sababu inashika mwangwi dhaifu kutoka kwenye shimo lenye kutu. Usiitumie kutafuta sehemu ya mia ya milimita. Kristali zake zimelala kwa pembe na sauti inapita njia ya umbo la V, kwa hiyo uhusiano wa muda na unene haunyooki na kifaa kinalazimika kuunyoosha kwa hesabu. Chini ya unene wake wa chini kabisa inaweza kusoma mara mbili: mm 0.8 ikaonekana 1.6. Kwenye bomba jembamba, igeuze ili mstari unaotenganisha kristali zake ukate mhimili wa bomba kwa pembe mraba.

Jeli, joto, punje

Tazama skrini unapoweka probu. Mwangwi huanza mfupi na mpana, kisha jeli inavyosukumwa nje unapanda na kusogea kushoto kidogo kidogo, halafu unasimama. Usomaji wa kuandika ni ule wa baada ya kusimama. Kwa jeli nzito hilo linaweza kuchukua sekunde kadhaa, na anayeandika namba ya kwanza iliyotokea anaandika unene wa chuma pamoja na wa jeli. Tone dogo latosha. Jeli nyingi hupanda pembeni mwa probu na kuzaa miangwi midogo ya uongo. Kwa feleji isiyoshika kutu, titani na aloi za nikeli, nunua jeli iliyothibitishwa kuwa na klorini na salfa kidogo sana, hasa kama kitu kitapashwa moto baadaye. Mabaki ya klorini kwenye uso wa moto hupasua metali hizo.

Joto linapunguza kasi. Kanuni ya kazini kwa feleji ni takriban asilimia moja kwa kila digrii 55 za Selsiasi, kwa hiyo bomba la moto linaonekana nene kuliko lilivyo, na hilo ni kosa la upande wa hatari. Lakini kinachosahaulika ni plastiki ya kichelewesho. Kasi yake hupungua kwa karibu sehemu moja ya elfu kwa kila digrii moja. Kwenye plastiki ya mm 10, hiyo ni nanosekunde 7 kwa digrii, sawa na mm 0.02 za feleji, ikiwa unatumia namna ya kwanza na sifuri ya asubuhi. Namna ya pili na ya tatu zinaliondoa tatizo hili. Kwa namna ya kwanza, rudia sifuri kila joto la probu linapobadilika, na iache bloku ikae kando ya kazi mpaka vilingane joto.

Kwenye aloi zenye punje kubwa, kama feleji isiyoshika kutu ya kusubu, MHz 10 haitafika popote. Pale urefu wa wimbi unapokuwa mkubwa sana kuliko punje, mtawanyiko wa sauti huongezeka kwa kipeo cha nne cha marudio: ukipunguza marudio kwa nusu, mtawanyiko unashuka mara 16. Shuka hadi MHz 2.25 au hata 1, na ukubali kwamba usahihi utashuka pia. Kuongeza ukuzaji hakusaidii, kwani kelele ya punje inakua pamoja na mwangwi.

Kupima kasi ili kujua hali ya aloi

Hapa ndipo kifaa hiki kinapoonyesha thamani yake, na ndipo kinapodai uangalifu zaidi. Viwanda vya kusubu hutumia kasi kutenganisha chuma chenye grafiti ya duara, kilicho karibu na 5,600, na kile chenye grafiti ya vipande bapa kilicho chini zaidi, karibu na 4,500. Tofauti hiyo ni kubwa, kifaa chochote kizuri kinaiona. Kwa alumini iliyokomazwa kwa joto, mabadiliko ni chini ya asilimia moja au yapo hapo karibu, na bila usahihi wa sehemu moja ya elfu hutaona kitu.

Utaratibu wenyewe umeelezwa kwenye kiwango cha upimaji cha ASTM E494, na ule wa unene kwenye ASTM E797 na ISO 16809. Kwa vitendo: kata sampuli yenye unene wa karibu mm 25, saga nyuso mbili ziwe sambamba na laini. Pima unene kwa maikromita ya mm 0.001 sehemu tano chini ya eneo la probu. Mteremko wa digrii 0.1 tu chini ya probu ya mm 6 ni tofauti ya mm 0.01 kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo sampuli isiyo sambamba hurefusha mwangwi na kuuvuruga. Acha sampuli na probu vikae kwenye joto moja na uliandike joto hilo. Weka probu ya kugusa moja kwa moja, kwani dirisha la kichelewesho cha mm 10 halitoshi kwa unene huu, subiri mwangwi usimame, kisha hifadhi wimbi zima lenye mwangwi wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Pima muda kati ya wa kwanza na wa pili, halafu kati ya wa pili na wa tatu. Kwenye alumini ya mm 25 kila muda utakuwa karibu maikrosekunde 7.9. Ili kufikia sehemu moja ya elfu unaruhusiwa kukosea nanosekunde 8 na mm 0.025. Muda unapatikana bila shida; ni unene unaohitaji mkono mtulivu. Kama muda wa kwanza na wa pili vinapishana kwa namna ile ile kila mara, sababu ni kutanuka kwa mwale. Mwale wa probu ndogo unapotoka kwenye hali bapa kwenda kwenye hali ya kutawanyika, awamu yake husogea hadi robo mzunguko, na msogeo huo hugawanyika visivyo sawa kati ya miangwi. Probu pana zaidi hupunguza tatizo. Kupima sampuli zote kwa unene mmoja hulifanya lisilete madhara kwenye ulinganisho.

Anayetaka moduli ya Young, yaani kipimo cha jinsi metali inavyokataa kunyooshwa, anahitaji pia kasi ya wimbi la mkato, ambalo linatikisa chembe upande kwa upande. Wimbi hilo halipiti kwenye jeli ya kawaida wala gliserini nyepesi. Linataka kiunganishi kizito mno, na asali imetumika kwa kazi hiyo kwa mafanikio. Alumini yenye 6,320 na 3,130 na msongamano wa kilo 2,700 kwa mita ya ujazo hutoa moduli ya karibu GPa 70.8. Kwa kuwa kasi inaingia kwa kipeo cha pili, kosa la asilimia 0.1 kwenye kasi zote mbili linakuwa 0.2 kwenye moduli. Kwenye sahani iliyopitishwa kwenye rola, zungusha probu ya mkato digrii 90 na upime tena: punje zimepangwa kwa mwelekeo wa rola na kasi haitakuwa ile ile. Andika mwelekeo pamoja na namba, la sivyo namba haina maana.

Yasiyopendeza

Menyu za vifaa hivi zimefichwa mno. Kubadili namna ya kupima, mwelekeo wa kilele na dirisha lililofungwa baada ya mpigo (muda ambao kifaa hakisikilizi miangwi) kunahitaji kupita kurasa kadhaa, na vingi vinaruhusu kubadilisha kasi kwa bahati mbaya kwa kitufe kimoja. Tumia kufuli la mipangilio. Ncha za plastiki huisha: zikishakwaruzwa, mwangwi wa uso unapanuka na namna ya pili inaanza kuyumba. Zinaweza kusawazishwa kwa msasa laini juu ya kioo, lakini baada ya hapo sifuri lazima irudiwe. Jeli iliyo kati ya kristali na kichelewesho hukauka pia. Mwangwi ukififia polepole siku hadi siku, fungua hapo kwanza kabla ya kuilaumu kebo.

Kabla ya kununua, muulize muuzaji kama kifaa kinaruhusu kuchagua namna zote tatu kwa mkono, kama kinaweza kushika pale wimbi linapokata sifuri, sampuli ngapi kwa sekunde kabla ya kukadiria, na kama wimbi ghafi linaweza kutolewa kama faili la namba, si picha ya skrini. Kikikosa hilo la mwisho, kinafaa kwa unene lakini kisichukuliwe kwa kazi ya kasi. Omba pia kukijaribu kwenye bloku yako mwenyewe ya ngazi: ngazi ya katikati, ambayo haikutumika kusawazisha, isome ndani ya mm 0.02 mara kumi mfululizo, probu ikiondolewa, ikafutwa na kuwekwa upya kila mara.